Hati ya Shamba Yenye Jina la Marehemu

Katika nyumba nyingi za wakulima wa Kenya mna sanduku la bati, au bahasha iliyofungwa kwa kitambaa na kufichwa chini ya kitanda, ambamo imewekwa karatasi moja yenye thamani kuliko vyombo vyote vya nyumbani. Karatasi hiyo ni hati ya shamba. Watoto hukatazwa kuigusa, na nyumba ikishika moto huokolewa kabla ya kabati na meza. Lakini mara nyingi jina lililoandikwa juu yake ni la mtu aliyekwisha kufa, pengine miaka 20 au 40 iliyopita. Hati yalindwa sana, wala hapana mtu aliye hai awezaye kuitumia.

Jambo hili si dogo. Marehemu hawezi kutia sahihi. Hawezi kukopa fedha benki ili anunue ng'ombe wa maziwa, wala kuuza kipande cha shamba ili mjukuu alipiwe karo. Katika vyama vya ushirika vya kahawa na chai, malipo ya namba iliyo katika jina lake huweza kuzuiliwa mpaka warithi waonyeshe karatasi ya mahakama. Wanawe wanalima, wanajenga, wanazika wafu wao katika shamba hilo; lakini katika daftari la Serikali wao ni kama wageni waliokaribishwa na mzee, naye mzee hayupo.

JINSI HATI ZILIVYOKUJA

Hati hizi si za zamani sana. Kabla ya mwaka 1954 mkulima wa Kiafrika katika sehemu za bara alijua mipaka ya shamba lake kwa mti, kwa kijito, na kwa kumbukumbu za wazee. Mtu mmoja huenda alikuwa na vipande vitano au zaidi, kimoja bondeni, kingine mlimani, kila kimoja kikiwa mbali na chenzake. Mwaka ule Bwana Swynnerton, mkuu katika Idara ya Kilimo, alitoa mpango uliojulikana kwa jina lake, nayo Serikali ya Uingereza ikatoa pauni milioni 5 kuutekeleza. Vipande vikusanywe pamoja, kila mtu apimiwe shamba moja, apewe hati, kisha apande kahawa, chai au pareto na kufuga ng'ombe wa gredi.

Kazi ilikwenda mbio katika wilaya za Kiambu, Nyeri na Fort Hall, ambayo sasa huitwa Murang'a. Ilikwenda mbio kwa sababu nchi ilikuwa katika Hali ya Hatari iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini chini ya ulinzi, na maelfu ya wanaume walikuwa kizuizini. Wazee wa kamati walikaa, wakapima, wakaamua, na yule aliyekuwa Manyani au Hola hakuwapo kusema, "Kipande hiki ni changu." Wengine waliporudi walikuta mti wao wa mpaka umekatwa na shamba lina mwenyewe mwingine.

Tena mpango wenyewe haukuficha lililotazamiwa kutokea. Ulieleza wazi ya kuwa wakulima hodari au matajiri wangeweza kujiongezea ardhi, na wanyonge wangepungukiwa, hata kuwe na watu wenye mashamba na watu wasio na mashamba. Mwaka 1959 ikatungwa sheria ya kuandikisha ardhi ya Waafrika, na mwaka 1963 ikafuata Sheria ya Ardhi Iliyoandikishwa. Chini ya sheria hiyo, jina lililotangulia kuandikwa halikuweza kufutwa na mahakama, hata kama lilipatikana kwa hila.

JINA MOJA, WATU WENGI

Jamaa nyingi ziliandikisha shamba kwa jina la mtu mmoja, kwa kawaida baba au mwana wa kwanza. Hawakumpa shamba liwe lake peke yake. Kwa desturi alikuwa mwangalizi tu, alishikaye kwa ajili ya ndugu zake na watoto wao. Lakini daftari la Serikali halikuwa na nafasi ya kuandika desturi. Liliandika jina, namba na ekari, basi.

Hapo ndipo fitina ilipoota. Wako waangalizi waliokuwa waaminifu mpaka kufa. Wako wengine walioamka siku moja wakasema, "Someni hati, jina la nani?" Mwaka 1972 Mahakama Kuu iliamua ya kuwa aliyeandikishwa ndiye mwenye shamba, na kwamba haki za kimila za wale wengine zimekwisha. Hukumu hiyo iliwatia hofu watu wengi. Miaka ilivyopita mahakimu wengine walianza kuona vingine, hata mwaka 2018 Mahakama ya Juu ikakubali waziwazi ya kuwa mtu aliyeandikishwa aweza kuwa ameshika shamba kwa amana ya jamaa yake, na amana hiyo hufuata shamba ingawa haikuandikwa katika hati. Hata hivyo mwenye kudai hana budi kuleta ushahidi, nao mashahidi wenyewe ni wazee ambao kila mwaka wanapungua. Kaburi moja linapofunikwa, huenda kesi nzima imefunikwa pamoja nalo.

HESABU YA EKARI

Mwaka 1962 watu wa Kenya walihesabiwa kuwa milioni 8.6. Mwaka 2019 walihesabiwa kuwa milioni 47.6. Ardhi haikuongezeka hata kidogo.

Uchukuliwe mfano wa mzee aliyepimiwa ekari 9 mwaka 1958, akaacha watoto 6. Wakigawana sawasawa, kila mmoja apata ekari moja na nusu. Kila mmoja wao akizaa watoto 5, na hao nao wakigawana, kila mjukuu apata sehemu tatu katika kumi za ekari. Hapo pana nafasi ya nyumba, choo, ng'ombe mmoja, na mistari michache ya mahindi. Shamba lililokusanywa kwa jasho na machozi likawa moja, larudi kuwa vipande, na safari hii vipande ni vidogo kuliko vya kwanza.

Kwa sababu hiyo wako watu wenye busara wasiokata shamba. Huandikisha majina yao wote katika hati moja, kila mtu na fungu lake, kisha mmoja aliye na moyo wa kulima hulima, na wengine walio mjini hupokea sehemu ya mavuno au kodi. Sheria yaruhusu jambo hilo. Lataka uaminifu na daftari la hesabu lililoandikwa vizuri, na hapo ndipo karani wa jamaa aweza kuwasaidia ndugu zake kuliko kuwaletea sukari na mkate mwisho wa mwezi.

SHERIA YASEMAJE

Sheria ya Urithi ilipitishwa mwaka 1972, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Waislamu wana sheria ya mirathi ya dini yao na Mahakama ya Kadhi. Tena ziko wilaya kadha za wafugaji ambako ardhi ya kilimo na mifugo hufuata desturi. Kwa wengine, mtu akifa bila wosia, mjane wake hupata vyombo vya nyumbani, na hukaa juu ya mali iliyobaki maisha yake yote, kisha watoto hugawana sawasawa. Aliyekuwa na wake wengi, mali yake hugawanywa kwa nyumba, kwa kadiri ya hesabu ya watoto wa kila nyumba, na kila mjane huhesabiwa kama mtu mmoja zaidi.

Neno "watoto" halina maana ya wavulana peke yao, na hapa ndipo penye ugomvi mkali. Mzee husema, "Binti ataolewa, atapata shamba kwa mumewe." Mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ilisikiliza kesi ya jamaa moja ambamo mabinti walikuwa wamekatiwa sehemu ndogo kuliko ndugu zao wa kiume kwa sababu hiyo hiyo. Mahakama ilikataa hoja hiyo, ikawapa haki sawa. Katiba ya mwaka 2010 ikatia nguvu shauri hilo, kwa kusema ya kuwa ubaguzi wa mwanamke katika mambo ya ardhi hauna budi kuondolewa. Mwenye kuona jambo hili kuwa geni na atazame nyumbani kwake: ni nani aliyemwosha mama alipokuwa mgonjwa, na ni nani aliyepalilia kahawa wakati kaka zake walipokuwa Nairobi?

SABABU ZA KUCHELEWA

Watu hawachelewi kwa ujinga tu. Wengine wanaogopa gharama za wakili na za mpima ardhi. Wengine waona ni kama kumtakia mzee kifo, au kuwachokoza wafu. Wengine wanajua ya kuwa siku majina yatakapoandikwa, itajulikana kuna mtoto wa nje, au kipande fulani kiliuzwa kwa siri na fedha zikaliwa. Basi kila mmoja hunyamaza, na ukimya huo huitwa amani.

Lakini ngoja ngoja huumiza matumbo. Akifa mwana mmoja kabla ya mirathi kufunguliwa, watoto wake huingia mahali pake, na waliokuwa watu 6 wa kupatana huwa 10. Wakifa wawili, huwa 14, na baadhi yao hawajaonana tangu kuzaliwa. Jambo ambalo ndugu wa tumbo moja wangelimaliza kwa kikombe cha chai, binamu hulipeleka mahakamani miaka 10. Wahenga walisema, ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Lakini ndugu wanaogombania shamba hawana tena pa kulima, kwa maana mahakama huweza kulizuia shamba lenyewe mpaka kesi iishe.

Wako pia wanaokata shauri kwa ujanja. Huuza kipande cha shamba la marehemu kwa karatasi iliyoandikwa dukani, mbele ya mashahidi wawili, na mnunuzi hudhani amenunua. Hakununua kitu. Kuuza mali ya marehemu kabla ya kupewa amri na mahakama ni kosa, nayo adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au yote mawili. Mnunuzi wa namna hiyo hupoteza fedha zake, na pengine nyumba aliyojenga.

LIFAALO KUTENDWA

Njia yenyewe si ya kutisha. Jamaa huenda kwa chifu na cheti cha kifo, naye huandika barua yenye majina ya warithi wote. Barua hiyo hupelekwa mahakamani pamoja na maombi. Zamani mahakama za wilaya ziliruhusiwa kushughulikia urithi usiozidi shilingi 100,000 tu, na watu walilazimika kwenda mbali mpaka Mahakama Kuu. Sheria ya mwaka 2015 ilipanua uwezo wa mahakimu hao. Maombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na kila mwenye pingamizi hupewa siku 30 aseme. Kwa kawaida baada ya miezi 6 mahakama huthibitisha mgawo, ndipo warithi huenda kwa msajili wa ardhi na majina hubadilishwa.

Tangu mwaka 2021 Serikali imekuwa ikihamishia daftari zake za ardhi katika kompyuta, kwa mpango uitwao Ardhisasa ulioanzia Nairobi. Wako wanaodhani ya kuwa mashine hiyo itamaliza mambo. Mashine huandika kile ilichopewa. Ikipewa jina la marehemu, itaonyesha jina la marehemu, kwa herufi nzuri zaidi.

Lililo bora kuliko yote ni mzee mwenyewe kusema angali hai. Wosia ulioandikwa, ukatiwa sahihi mbele ya mashahidi wawili wasio warithi, waweza kuepusha kesi nyingi. Wosia wa mdomo nao hukubaliwa, ukisemwa mbele ya watu wawili au zaidi, iwapo msemaji amefariki katika muda wa miezi 3. Ukipita muda huo hauna nguvu. Mzee aweza pia kugawa shamba kwa mkono wake, kwa idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, ambayo iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1967 ili shamba la kilimo lisikatwe wala kuuzwa kwa siri. Mkewe na wanawe wakiwapo barazani siku hiyo, kila mtu husikia kwa masikio yake.

Wazee waliosimama juani miaka ya 1950 kuwatazama wapimaji wakivuta minyororo waliteseka ili watoto wao wasigombanie mipaka. Karatasi waliyopewa ilikuwa mwanzo wa kazi, nao wengi waliidhani kuwa ndiyo mwisho wake. Mkulima aliye na hati yenye jina la baba au babu yake na aifungue mwezi huu, aisome, awaite ndugu zake wa kiume na wa kike, walio nyumbani na walio mjini, wakae pamoja mbele ya mama yao angali na nguvu za kusema mpaka ulipita wapi.