Nani awe kwenye ncha ya waya? Wataalamu wa hesabu wana jibu

Kuna kabini moja ya umeme katikati ya mtaa, na nyumba 36 zimeizunguka kwa duara, kila moja kwenye kilometa 1. Waya zipite wapi?

Kila nyumba ikivutiwa waya wake, zinahitajika kilometa 36. Hakuna mkaaji atakayelalamika, isipokuwa anayelipa waya. Njia nyingine ni kuvuta waya mmoja hadi nyumba ya kwanza, kisha kuzunguka jirani kwa jirani. Hapo kilometa 7,1 zinatosha. Lakini nyumba ya mwisho, hata mzunguko ukigawanywa pande mbili, inapata umeme uliosafiri kilometa 4,1 na kupitia nyumba 18 za watu wengine. Anayeishi kwenye ncha anajua maana yake: jioni taa inafifia, na waya ukikatika kwa jirani mmoja, wote walio nyuma yake wanaingia gizani.

Katika hesabu, mpango huo wa waya unaitwa mti: una shina na matawi, na hakuna tawi linalorudi kujifunga. Unapimwa kwa uzito, yaani urefu wa waya zote. Kwa umbali wa kila nyumba kutoka shina. Na kwa kina, yaani idadi ya vituo njiani.

Mwaka 1926, Otakar Borůvka wa Brno, Chekoslovakia, alichapisha njia ya kupata mti mwepesi kuliko yote. Swali alipewa na rafiki yake, mfanyakazi wa kampuni ya umeme ya Moravia Magharibi. Mwaka 1959, Mholanzi Edsger Dijkstra alishughulikia uzito na umbali katika makala moja ya kurasa tatu, ila kama maswali mawili tofauti.

Kuyapatanisha kulichukua muda. Katika makala ya mwaka 1995, Samir Khuller, Balaji Raghavachari na Neal Young walitoa njia ambayo hata fundi wa nguzo angeielewa. Unaanza na mti mwepesi, unaufuata nyumba kwa nyumba; pale umbali unapozidi mara mbili ya njia fupi, unavuta waya mpya kutoka shina, kisha unaendelea. Walithibitisha kwamba uzito hautapita mara tatu ya ule wa mti mwepesi. Ukikubali umbali wa mara tatu, uzito hautapita mara mbili. Namba hiyo inachaguliwa na mtu, na mara nyingi nyumba yake haiko kwenye ncha.

Kwa zile nyumba 36, waya 4 kutoka kabini zinatosha: jumla kilometa 9,6, na nyumba ya mbali inabaki kwenye kilometa 1,7. Zimeongezeka kilometa 2,5 tu.

Kina ndicho kigumu. Mwaka 2008, Yefim Dinitz, Michael Elkin na Shay Solomon walionyesha kwamba hata nyumba zikijipanga kwenye barabara moja iliyonyoka, ukitaka vituo vibaki vichache, uzito unazidi kuuacha mbali ule wa mti mwepesi kadiri nyumba zinavyoongezeka.