Je, Wajua? Biri Nzuri Hujulikana Kabla ya Kiberiti

JE, WAJUA kwamba biri, ile sigara nene ya jani tupu isiyo na karatasi, hupimwa kwa vidole kwanza? Ibonyeze taratibu toka ncha hadi ncha. Palipo laini mno majani hayakujaa, na moto utakimbia hapo. Palipo na fundo moshi hautapita. Kisha kata kichwa uvute kabla hujaiwasha. Mashavu yakibonyea kwa kuvuta, irudishe dukani.

JE, WAJUA unafuu wa bei unatoka wapi? Mara nyingi unatoka tumboni mwa biri. Ile ghali hujazwa majani marefu yanayokwenda urefu wake wote. Ya bei ya chini hujazwa vipande, pamoja na vile vinavyobaki mezani msokotaji anapomaliza zile ghali. Tumbaku yaweza kuwa ileile, ila vipande huwaka upesi na kwa joto kali, na joto ndilo linaloleta uchungu. Ivute polepole, mara moja kwa dakika hivi, na ladha itatulia. Nyingi za mashine hufungwa kwa shiti la unga wa tumbaku uliogandishwa. Hizo, kwa maoni yangu, hazistahili hata bei yake ndogo.

JE, WAJUA kwamba nafuu iliyo bora kuliko zote ni biri zilizokataliwa? Kiwandani biri hupangwa kwa rangi, kasha moja rangi moja. Yenye doa, mshipa mnene au weusi uliozidi kidogo hutolewa, haivishwi pete yenye jina, na huuzwa kwa mafungu. Majani ya ndani ni yaleyale na mikono iliyosokota ni ileile. Mnunuzi anapunguziwa kwa kosa la macho, wala si la ulimi.

JE, WAJUA kwamba weusi wa jani si ukali? Jani huiva likawa jeusi kwa kuchachushwa muda mrefu, na mara nyingi huwa na utamu. Ukali hutoka ndani, hasa kwenye majani ya juu ya mche, yaliyopigwa na jua zaidi.

JE, WAJUA kwamba harufu ya amonia inayochoma pua ni dalili ya majani yasiyochacha vya kutosha? Usiitupe biri hiyo. Ilaze kwenye kasha lenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70, miezi kadhaa.

JE, WAJUA kwamba Afrika imo? Jani la nje kutoka Kamerun, lenye vipele vidogo unavyovihisi ukilipapasa, huvishwa biri zinazosokotwa hadi Jamhuri ya Dominika. Tumbaku ya Tabora na Urambo kwa kawaida hukaushwa kwa joto la mabani na kwenda kwenye sigara. Ya biri huning'inizwa ikauke kwa hewa.

JE, WAJUA kwamba Februari 1962, kabla ya kutia saini vikwazo dhidi ya Kuba, Rais Kennedy alimtuma msemaji wake, Pierre Salinger, amtafutie biri 1,000 za Kuba? Salinger mwenyewe alisimulia kwamba alipata 1,200. Wakulima na wasokotaji waliohama Kuba baada ya mapinduzi walipeleka ujuzi wao Nikaragua, Hondurasi na Jamhuri ya Dominika. Ndiyo maana anayetafuta biri njema kwa fedha kidogo leo aanzie Estelí, Nikaragua.

JE, WAJUA kwamba biri moja kubwa yaweza kubeba tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara? Hata asiyemeza moshi hapati salama: nikotini ya biri hupenya kwenye ngozi ya ndani ya mdomo, na uvutaji wake husababisha saratani ya mdomo, koo na mapafu, iwe ya bei ghali au ya bei chee.