Dizeli na Umeme wa Nchelenge



Anayesimama ufukoni Nchelenge, mkoani Luapula, huona maji hadi upeo wa macho. Hilo ni Ziwa Mweru, na ng'ambo yake ni Kongo. Lakini umeme wa Nchelenge hautokani na maji hayo. Hutoka katika gridi ya taifa ya Zambia, ambayo sehemu kubwa hulishwa na mabwawa ya kusini: Kafue, na Kariba iliyo yapata kilomita 800 kutoka hapo. Ndiyo maana ukame wa mwaka 2024, uliopunguza mno maji ya Kariba, ulileta giza hata kwenye mwambao huu wenye maji tele.

Hapo ndipo dizeli inapotafutwa. Katika mtambo wa dizeli hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ikapata moto mkali. Mafuta yakinyunyiziwa humo huwaka yenyewe, na nguvu hiyo huzungusha jenereta. Mtambo huo hausubiri mvua, na huwashwa kwa dakika chache. Kwa sababu hiyo shirika la umeme, ZESCO, lilitumia dizeli kwa miaka mingi katika miji iliyokuwa mbali na gridi: Kabompo, Zambezi, Mwinilunga, na vilevile Kaputa.

Gharama yake, hata hivyo, ni nzito. Lita moja, katika mtambo mzuri, hutoa yuniti tatu hadi nne tu. Mtambo mkubwa unaowasha taa chache usiku kucha hufanya vibaya zaidi, kwani hula mafuta mengi kwa kazi ndogo. Tena Zambia haina visima vya mafuta. Bomba la TAZAMA, lililofunguliwa mwaka 1968 na ambalo siku hizi hubeba dizeli, huanzia Dar es Salaam na kuishia Ndola, mwendo wa kilomita 1,710. Kutoka huko ni malori, nayo malori hunywa dizeli hiyo hiyo.

Kwa hiyo serikali huzima mitambo hiyo kila gridi inapofika. Mkoani Kigoma, Tanzania, majenereta yalizimwa Oktoba 2022 kwa sababu hiyo, na ni uamuzi wa busara.

Lakini tutazame soko la Kashikishi, hapo hapo Nchelenge. Chisense, dagaa wa Mweru, hukaushwa juani, hawadai umeme. Samaki wakubwa wanadai barafu. Umeme ukikatika mchana kutwa, muuza samaki ana njia mbili: kuuza upesi kwa bei ya kutupa, au kuwasha jenereta dogo nyuma ya duka. Jenereta la serikali hugawa gharama zake kwa nchi nzima. Hili la nyuma ya duka hulipiwa na mtu mmoja, kwa kidumu, kwa bei ya siku hiyo.