Dopamini na Mwenziwe Asiyetajwa

Dopamini imevishwa sifa isiyostahili. Mitandaoni huitwa kemikali ya raha, na kila anayeshindwa kuiweka simu chini huambiwa kuwa ndiyo inayomwendesha. Lakini ujumbe mwingi unaoamsha seli za neva hubebwa na kemikali nyingine kabisa, glutamati, ambayo watu wengi hawajawahi kuisikia. Seli zinazotengeneza dopamini ni laki kadhaa tu, katika ubongo wenye seli za neva zipatazo bilioni 86. Hoja yangu ni kwamba dopamini haina ujumbe wake yenyewe: kazi yake kubwa ni kuupa uzito, au kuupunguzia, ujumbe ulioletwa na glutamati.

Tazama striatamu, eneo la ndani ya ubongo linaloshughulika na miondoko, mazoea na kujifunza kutokana na tuzo. Kila seli kuu ya hapo ina vichipukizi vingi vidogo juu ya matawi yake, na kwenye vichipukizi hivyo ndiko glutamati kutoka gamba la ubongo hutua. Kipokezi chake kiitwacho AMPA hufunguka na kufunga ndani ya milisekunde chache. Jirani yake, NMDA, ni kigumu zaidi: tundu lake limezibwa na magnesiamu, na halizibuki mpaka glutamati ifike huku seli ikiwa imekwisha kusisimka. Hapo kalsiamu huingia na kuanzisha mabadiliko ya kudumu, yaani kujifunza. Vipokezi vya dopamini, ambavyo ni vya aina 5, havifungui tundu lolote. Vyenyewe huanzisha mfululizo wa mabadiliko ya kikemikali ndani ya seli; D1 kwa kawaida huongeza nguvu ya NMDA, na D2 huipoza seli. Ni kama kikao ambamo wajumbe wengi wanatoa hoja, na mwenyekiti, bila kuwa na hoja yake, anaamua ipi iingie kwenye muhtasari. Tena uamuzi huo una muda wake. Mwaka 2014 watafiti wa Tokyo walichapisha jaribio lililofanywa kwenye vipande vya ubongo wa panya: waliamsha kichipukizi kwa glutamati, kisha wakaachia dopamini kwa nyakati tofauti. Kichipukizi kilikua pale tu dopamini ilipofuata ndani ya sekunde 0.3 hadi 2 hivi. Ilipotangulia au kuchelewa zaidi, hakikukua.

Mwenye kupinga atauliza: mbona basi dawa zinazogusa dopamini pekee zinatibu? Klopromazini, iliyoanza kutumika Ufaransa mwaka 1952, huziba D2 na kutuliza sauti na maruweruwe ya skizofrenia. Arvid Carlsson wa Sweden naye alionyesha mwaka 1957 kwamba sungura walioduwazwa kwa reserpini huinuka tena wakipewa levodopa, malighafi ya dopamini. Ushahidi huo ni mzito, ila unaonyesha kwamba kumbadilisha mwenyekiti hubadilisha kikao, si kwamba wajumbe hawana kazi. Fensiklidini, dawa ya nusukaputi ya miaka ya 1950, iliachwa kwa sababu wagonjwa walizinduka wakiwa wamechanganyikiwa. Baadaye ikagundulika kwamba inaziba NMDA. Ketamini, ndugu yake inayotumika hadi leo katika vyumba vingi vya upasuaji Afrika Mashariki, inaweza kuleta kivuli cha hali hiyo kwa mtu mwenye afya. Na mwaka 2007 Josep Dalmau na wenzake walieleza ugonjwa ambao kingamwili za mgonjwa mwenyewe hushambulia NMDA. Wengi huanza kwa dalili zinazofanana na wazimu. Zaidi ya hayo, vizuizi vya D2 hutuliza maruweruwe lakini huacha ubaridi wa hisia na udhaifu wa kumbukumbu karibu ulivyokuwa.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi kwa maoni yangu. Kama glutamati ni muhimu hivyo, kwa nini dawa zake za skizofrenia zimeshindwa? Bitopertini, iliyolenga kuisaidia NMDA, iliangushwa na majaribio makubwa mwaka 2014, wala haikuwa peke yake. Kushindwa huko si jambo la kupuuza. Hata hivyo NMDA ipo karibu kila pembe ya ubongo, na kidonge kinachoigusa mahali pote saa zote hakiwezi kufuata mpangilio unaopimwa kwa sehemu za sekunde.

Mahali ambapo ushirikiano huu umezaa tiba ni ugonjwa wa Parkinson. Levodopa humrudishia mgonjwa miondoko. Baada ya miaka kadhaa wengi huanza kujinyonganyonga bila hiari, kwa kuwa mawimbi ya dopamini yamevuruga miunganiko ya glutamati kwenye striatamu. Dawa inayotumika kupunguza hali hiyo ni amantadini, iliyoanza kama dawa ya mafua na ambayo huziba NMDA. Nayo huwaletea baadhi ya wagonjwa maruweruwe.