Bluu ya harusi inapogeuka zambarau juu ya DVD

KAMATI ya harusi imeshona sare za bluu iliyokolea, ukumbi umepambwa kwa bluu hiyo hiyo, na keki nayo imefuata. Wiki mbili baadaye DVD za kumbukumbu zinatoka kwa mpiga video zikiwa na picha ya maharusi juu yake, lakini bluu yote imekuwa zambarau na uso wa bibi harusi una rangi ya chungwa. Familia inazikataa. Mpiga video anabaki na diski 60 ambazo hawezi kumuuzia mtu mwingine yeyote duniani.

Wanaoishi kwa kurekodi harusi, vipaimara, mahafali na kwaya wanaijua hasara ya namna hiyo. Ni kweli kwamba watu wengi siku hizi hupokea video kwa simu au flashi, lakini bado zipo familia zinazotaka kitu cha kuweka kabatini, na kwaya zinazotaka kitu cha kuuza mlangoni baada ya ibada. Mteja wa aina hiyo analipia sura ya diski kama anavyolipia kilichomo ndani.

Kinachouma zaidi ni kwamba mara nyingi printa haina ubovu wowote. Imefanya ilivyoagizwa.

Kioo cha kompyuta hutengeneza rangi kwa kuchanganya mwanga: mwekundu, wa kijani na wa bluu. Printa za inkjeti, zile zinazorusha matone madogo sana ya wino, hazina mwanga. Zina wino wa sayani, ambayo ni bluu nyepesi inayoelekea kijani, wa majenta, ambayo ni waridi iliyokolea, wa njano na mweusi. Bluu kali inayoonekana kwenye kioo haina wino wake. Printa huitafuta kwa kumwaga sayani na majenta kwa wingi, na majenta ikizidi kidogo tu, jicho huona zambarau.

Ndiyo maana wasanifu wa mabango wana kanuni yao ya siku nyingi: bluu ikitakiwa ibaki bluu, majenta iwe chini ya sayani kwa angalau asilimia 30. Sayani ikiwa 100, majenta isizidi 70. Kwa anayetumia programu yenye namba za nyekundu, kijani na bluu, njia ni kuongeza kijani kidogo ndani ya ile bluu, kwa kuwa kijani ndicho kinachopunguza majenta. Kwenye kioo rangi itaonekana imepoa kidogo, lakini juu ya diski itafanana zaidi na kitambaa cha sare. Akiwa na kipande cha kitambaa chenyewe mezani, kazi inakuwa nyepesi zaidi kuliko kubishana na kioo.

Kioo chenyewe nacho hudanganya. Kompyuta nyingi hutoka dukani mwanga ukiwa juu sana ili zivutie, hivyo picha inayong'aa kwenye kioo hutoka nyeusi-nyeusi ikichapwa. Kupunguza mwanga wa kioo hadi weupe wake ukaribiane na karatasi nyeupe iliyoshikwa pembeni yake ni marekebisho yasiyogharimu hata senti.

Diski si karatasi

Diski zinazochapika kwa inkjeti zina tabaka maalumu juu yake linalonyonya wino. Tabaka hilo halifanani kwa watengenezaji wote. Lipo lenye weupe unaoelekea bluu, lipo lenye ukijivu, lipo linalong'aa na lipo lisilong'aa. Picha ile ile, kwa printa ile ile, hutoa nyuso tofauti kwenye diski za maboksi mawili tofauti. Anayenunua diski 50 za aina moja na 10 za nyingine ili kukamilisha oda ajue kwamba mteja atazipanga pamoja na kuona.

Zipo pia zenye uso wa fedha. Printa hizi hazina wino mweupe. Sehemu nyeupe ya picha ni sehemu ambayo wino haukupita kabisa. Gauni la bibi harusi kwenye diski ya fedha litakuwa la fedha.

Kosa linaloongoza ni kusahau kuiambia printa inachapa juu ya nini. Kwenye dirisha la kuchapa kuna sehemu ya kuchagua aina ya karatasi, na kwa printa zenye trei ya diski kuna chaguo la CD au DVD. Likiachwa kwenye karatasi ya picha, printa hupima wino kwa hesabu ya karatasi ile. Tabaka la diski likishindwa kuunyonya, wino husimama juu, rangi nyeusi huvimba na kula maandishi madogo, na diski hunata kwa siku kadhaa. Hata chaguo likiwa sahihi, baadhi ya diski huhitaji wino upunguzwe kidogo zaidi, na programu nyingi za kuchapa diski zina sehemu ya kufanya hivyo.

Kosa la pili limejificha zaidi. Programu ya picha inaweza kurekebisha rangi, na programu inayoendesha printa nayo inaweza. Zote mbili zikifanya kazi hiyo kwa pamoja, picha hurekebishwa mara mbili, na hapo ndipo nyuso hupata rangi ya chungwa au waridi isiyoeleweka. Mmoja afanye, mwingine azimwe. Kwa ambaye hana faili la vipimo vya rangi la diski zake, linaloitwa profaili, ni salama zaidi kuacha picha katika mfumo wa kawaida wa sRGB na kuiachia printa kazi yote. Profaili zinazokuja na printa kwa kawaida ni za karatasi, na kuitumia ya karatasi kwenye diski ni sawa na kupima nguo kwa mtu mwingine.

Diski moja, majaribio manane

Wengi hawafanyi majaribio kwa kuona wanapoteza diski. Lakini diski moja inatosha kwa majaribio mengi, tena inaweza kuwa ile iliyoharibika wakati wa kurekodi.

Kinachofanyika ni kuigawa kama keki. Unatengenezwa mchoro wa duara wenye vipande vinane, na kila mara kipande kimoja tu ndicho kinachowekwa picha. Vingine vinabaki vitupu. Ndani ya kipande huwekwa uso wa mtu mmoja, rangi ya sare, na mraba mdogo wa kijivu. Kinachapwa cha kwanza, namba ya marekebisho ikiandikwa pembeni kwa herufi ndogo. Diski inarudishwa kwenye trei bila kuzungushwa, marekebisho yanabadilishwa, na kipande cha pili kinachapwa mahali pake.

Mraba wa kijivu ndio shahidi mkuu. Jicho linaweza kusamehe bluu iliyohama kidogo, lakini kijivu kikielekea kijani au waridi huonekana mara moja, na huonyesha ni wino gani unaozidi. Kikiwa cha waridi, majenta ipunguzwe. Kikiwa cha kijani, majenta iongezwe.

Hukumu isitolewe papo hapo. Rangi hubadilika kidogo wino unapokauka, na watengenezaji wa printa kama Epson hushauri diski iachwe saa 24 mbali na jua. Kwenye joto la pwani lenye unyevunyevu, kuharakisha ni kujitafutia kesi: diski zikipangwa juu kwa juu zikiwa mbichi hugandana na kuachiana picha. Zikaguliwe pia mchana karibu na dirisha, kwani taa nyingi za dukani zina rangi yake.

Wino ni habari nyingine. Printa za matangi kama Epson L800 na L805, zenye wino wa rangi sita ikiwamo sayani na majenta hafifu, zilipunguza sana gharama, na rangi hizo hafifu husaidia ngozi kutoka laini bila vidoa. Ila anayejaza wino wa chupa ya mtengenezaji mwingine amebadilisha rangi zote, na majaribio yake ya zamani hayana kazi tena. Kibaya zaidi ni kubadilisha katikati ya oda. Tangi lipimwe na matundu ya wino yajaribiwe kabla ya diski ya kwanza, kwa sababu tundu moja la sayani likiziba, bluu inarudi kuwa zambarau.

Hesabu hizo hazimhusu mpiga video peke yake. Mfugaji wa nyuki anayechapa lebo za asali kwenye stashenari, akiona njano yake imetoka na ukijani, anakabiliwa na jambo lile lile, na kipimo cha kijivu kitamsaidia vile vile.

Kwa diski, data irekodiwe kwanza na kuchapa kufuate, maana alama za vidole na uchafu wa kuchapa vinaweza kuharibu urekodi, na diski iliyogoma kurekodi isimalize wino bure. Umeme ukikatika printa ikiwa kazini, diski hiyo ndiyo imekwenda. Mwenye oda ya 60 anunue 65. Ya kwanza iliyokauka aonyeshwe mteja kabla ya nyingine kuguswa. Akiridhika, anaweka sahihi kwenye kasha lake, na diski hiyo inabaki dukani hadi oda nzima ichukuliwe.