Daktari wa Meno Naye Husoma

Wengi wetu tunadhani daktari akishapata shahada, basi, kusoma kwisha. Lakini je, wewe ungependa jino lako litibiwe kwa ujuzi wa mwaka 1980 tu?

Zamani madaktari wa meno walifundishwa kuchimba sana. Tundu likiwa dogo, walikata hata pembeni pasipooza, eti jino lisioze tena. Na kliniki isiyo na umeme wala mashine, tiba ilikuwa moja tu: koleo. Meno mengi yaling'olewa ambayo yangeweza kupona.

Katikati ya miaka ya 1980, hapahapa Tanzania, ilianza kutumika njia nyingine. Daktari anakwangua sehemu laini iliyooza kwa vifaa vya mkono, kisha anaziba tundu kwa saruji ya meno inayotoa madini ya floridi. Umeme hauhitajiki, na mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliitangaza njia hiyo kwa nchi nyingine.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2021 WHO iliingiza saruji hiyo kwenye orodha ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya maji yenye fedha na floridi. Hii hupakwa tu juu ya jino ili kuzuia lisiendelee kuoza, ingawa palipooza hubaki peusi.

Sasa, daktari aliyemaliza chuo mwaka 1990 atayajuaje hayo? Ni lazima ahudhurie semina, asome majarida ya kitaaluma na kufanya mazoezi na wenzake. Nchini Kenya anatakiwa kuonyesha alama za mafunzo kila mwaka ndipo leseni yake ifanywe upya. Lakini sheria inaweza kumkalisha mtu kwenye kiti cha semina tu. Kujifunza kwenyewe kunataka moyo.

Kwako wewe kijana hili si jambo dogo. Jino la ukubwani liking'olewa, halioti jingine. Kwa hiyo usiogope kuuliza: "Shikamoo daktari. Jino hili haliwezi kuzibwa?" Huo si utovu wa adabu. Pengine kweli limeharibika mno, naye atakueleza kwa nini.

Ila nawe usichelewe. Nenda tundu likiwa bado dogo, kabla hujakesha na maumivu.