Mlima Utapikao Magadi

Je, wajua ya kuwa yale magadi wayatiayo mama zetu chunguni ili kunde zilainike upesi, na wayachanganyayo wazee na tumbaku wapate ugoro, yana ndugu atokaye tumboni mwa ardhi hali anachemka? Kusini ya Ziwa Natron, katika nchi ya Wamasai kaskazini mwa Tanzania, umesimama peke yake mlima mfano wa pia iliyopinduliwa, kimo chake karibu mita 2,960 juu ya usawa wa bahari, ambao wenyeji wauita Ol Doinyo Lengai, yaani Mlima wa Mungu. Na miongoni mwa volkeno zote zilizo hai duniani, huu pekee ndio utoao zaha ya magadi.

Zaha, ule uji wa moto wa volkeno, kwingineko ni mawe yaliyoyeyuka, na joto lake aghalabu hupita nyuzi 1,000, kwa hiyo huwaka wekundu hata mchana. Ama hii ya Lengai, ambayo joto lake ni kati ya nyuzi 500 na 600 tu, mchana huonekana nyeusi kama lami, lakini ni nyepesi hata hutiririka kama maji mferejini, na wekundu wake hafifu hauonekani ila usiku. Kisha hutokea jambo ambalo mimi naliona ni la ajabu kupita yote: ikiisha kuganda hufyonza unyevu wa hewa na wa mvua, na baada ya muda si mrefu hugeuka nyeupe na kumung'unyika kama chokaa, hata msafiri autazamaye mlima toka bondeni aweza kudhani kuwa kileleni pana theluji.

Wanavyuoni wa miamba walikuwa wakibishana kama mawe ya jamii hii yaweza kweli kuzaliwa na moto, hata mmoja wao, Barry Dawson, alipofika kasokoni mwaka 1960, na mwaka 1962 akatangaza aliyoyaona, mlima ukawa umewakatia shauri. Madini mojawapo ya zaha hiyo yaliitwa nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere.

Wala mlima huu si mpole daima, kwani mwaka 1966, na tena 2007, ulilipuka kwa kishindo na kurusha majivu angani.

Majivu ya mlima huu ndiyo yasemwayo kuwa asili ya tuta la mchanga mweusi lililo karibu na Bonde la Oldupai, lenye umbo la hilali, ambalo chembe zake zina nguvu ya sumaku na hushikamana, na ambalo upepo hulisukuma zima zima kiasi cha mita 17 kila mwaka kuelekea magharibi. Vimewekwa vigingi vyenye tarikhi kuonyesha lilipokuwa. Navyo vimebaki nyuma, mbugani, katika majani matupu.